Mlimau Uliotoboa Debe

Majengo,
Songea.

8 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Fulgence,

Marahaba. Najibu mapema kwa sababu nakujua. Kwenye simu unaanza na "dada, mtandao mbaya," halafu shikamoo inakuja baadaye, ikikumbukwa. Hujambo? Mkeo Suzana hajambo? Mgongo wake uliokuwa unamsumbua wakati wa Pasaka umepona, au bado anainuka kitandani kwa awamu? Na Ida wenu, kikohozi kimemwachia? Nimemwombea katika novena, sasa na ninyi mfungieni dirisha usiku, maana upepo wa ziwa huko Mwanza hauheshimu sala.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linajua habari za mvua kabla ya redio, lakini halinizuii kwenda sokoni wala kanisani, kwa hiyo silihesabu kuwa ugonjwa. Shangazi Walburga ameng'olewa jino na sasa anakula ugali kwa upande mmoja. Kuongea anaongea kwa pande zote mbili kama zamani.

Utashangaa kupata barua zama hizi watu wanapotumiana sauti kwenye simu. Nimeandika kwa sababu jambo lenyewe lina mwanzo wake, na wewe kwenye simu hunipi nafasi ya kuanzia mwanzo, unarukia mwisho. Barua anakuletea Ibra, yule dereva wa lori la mahindi anayekaa nyuma yetu. Mpe chakula, umsikilize na habari zake za barabarani. Ni muongo kidogo lakini anachekesha.

Mvua zimeanza mwishoni mwa Novemba, na zimeanza vizuri. Nimeshapanda mahindi kwenye kile kishamba cha kukodi, na yameota yote isipokuwa mstari mmoja ambao kunguru waliufanya wa kwao. Mbolea tulipata, foleni yake usiniulize. Majilio tumeyaanza, na kwaya wanafanya mazoezi ya Noeli kila jioni mpaka hata mbwa wa jirani nadhani anaijua sauti ya tatu.

Nyumba iko salama. Bati halivuji, na simtanki limejaa kwa mvua ya juzi. Kasoro ni ule ukuta wa jikoni unaotazama magharibi. Oktoba ulikuwa unachoma kiasi kwamba unga niliouweka kwenye kona ile niliuchota ukiwa wa moto, na jioni nilikuwa napikia nje. Hapo ndipo nilipokubaliana nawe kabisa kwamba nyumba inahitaji miti.

Sasa tuje kwenye miti. Wakati wa Pasaka uliniambia nipande miti ya matunda karibu na nyumba, iwe midogo, isiyopukutisha majani, na nichague mwenyewe. Nikasema sawa. Tangu siku hiyo kila Jumamosi unaniuliza miti imefikia wapi, na mimi nakujibu habari za mvua. Najua umeshangaa, maana dada yako si mvivu. Leo nakujibu.

Kuchagua hakukunipa shida. Nilichagua kwa raha zangu, kama mtu anayepitia vitenge sokoni bila haraka ya kununua. Jirani yetu Rupert, ambaye tangu asikie sifa za parachichi haongei kitu kingine, alitaka nizungushe nyumba nzima kwa miparachichi. Nikamwonyesha uwanja wenyewe ulivyo. Kutoka ukutani hadi kwenye uzio wake mtu mnene akigeuka anagusa kote. Mparachichi ukikua pale utadai chumba. Mizizi itainua msingi, na tunda moja likiangukia bati usiku tutadhani tumevamiwa. Rupert akasema, "Dada Lidwina, wewe unakataa utajiri." Nikamwambia utajiri aupande kwake, mimi kivuli kitanifikia.

Mwembe sikuufikiria hata kidogo, kwa sababu hiyo hiyo. Mpapai ni mboga iliyorefuka, haudumu. Mkomamanga unapendeza, lakini huku kwetu baridi ikifika unapukutisha. Mtopetope ndio usiseme. Julai unabaki vijiti, majani yote yanaishia kwenye gata, na maji ya simtanki yanageuka rangi ya chai. Mpera una majani mwaka mzima na hauna makuu, ila matunda yake huanguka mengi kwa pamoja, na nzi wanahamia mlangoni. Mstafeli niliufikiria sana, maana majani yake yanang'aa na haukui mno, lakini kila stafeli ninalolijua huiva siku ambayo mwenyewe hayupo. Nikauacha, ingawa kwa shingo upande.

Mwisho nikaamua hivi. Ukuta wa jikoni upate mlimau, kwa sababu majani yake hayaishi, unakubali kupogolewa usipite dirisha, na miiba yake inamfanya mwizi afikirie mara mbili. Karibu na mlango wa mbele ukae mchenza wa kubebesha, yaani uliounganishwa kitaluni, ule usiokua mrefu, mtoto anachuma akiwa amesimama chini. Upande wa mashariki, ambako jua la asubuhi tu ndilo linafika, nikachagua mbuni.

Rupert alicheka mpaka akashika uzio. Alisema kahawa si mti wa matunda. Nilimhurumia, kwa kuwa huyo hajawahi kunyonya buni nyekundu. Mimi na wewe tulizinyonya kwa bibi kule Mbinga mpaka midomo ikanata, na mama akawa anatufuata nyuma akiuliza mbegu tumezitemea wapi. Maua yake yakifunguka baada ya mvua ya kwanza, mtu aliyelala chumba kile ataamka na harufu nzuri bila kununua kitu dukani.

Mchenza na mbuni nikainunua kitaluni. Mlimau nilikuwa nao tayari, nimeuotesha kwa mbegu mwaka ule niliorudi Songea, na tangu udogo wake ulikuwa kwenye debe la bati pale pale ukutani. Sasa sikia nilichofanya. Mchenza nikauweka kwenye beseni lililopasuka. Mbuni nikauweka kwenye ndoo ya rangi waliyoiacha mafundi wako. Ardhini sikupanda hata mmoja. Majirani wakawa wananiuliza miti yangu inasafiri lini.

Nisikufiche sababu. Unajua nilirudi kutoka Tunduru baada ya shemeji yako Valence kufariki, nikiwa na mabegi na godoro. Ambalo hulijui vizuri ni la mikorosho. Mzee mmoja, Mzee Iddi, alituazima eneo tulime mahindi na muhogo. Na wewe unajua shamba la kuazima lilivyo, mti wa kudumu haupandwi, kwa sababu kupanda mti ni kusema hapa ni pangu. Valence akamwomba ruhusa. Mzee akacheka, akasema pandeni, sisi ni ndugu. Tukapanda mikorosho, na kiangazi nikawa naichotea maji kwa kichwa.

Ilipoanza kuzaa vizuri, Mzee Iddi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Valence naye akafuata. Watoto wa mzee wakaja kwa heshima zote, wakakaa kwenye mkeka, wakanipa pole, kisha wakasema shamba ni la baba yao na mti unafuata shamba. Ndivyo ilivyo, hata mimi ningekuwa upande wao ningesema hivyo hivyo. Binti yake Zena alilia kuliko mimi, na hadi leo msimu ukifika ananitumia korosho kwa basi. Nazila, ni tamu sana, lakini huwa nazila peke yangu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uliponipa nyumba hii nikae, niliingia kwa moyo wa shukrani, ila mkono wangu ulikataa. Mchicha nilipanda, matembele nilipanda, hata vitunguu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe nililishika bila kuambiwa. Lakini mti, hapana. Nilijiambia kwamba siku ukistaafu mkarudi, nitabeba debe langu kichwani niondoke, nisiache tena kitu changu kwenye udongo wa mtu mwingine.

Shangazi Walburga naye alinitilia mkazo. Amesema mara nyingi, tena mbele za watu, kwamba mtoto wa kike aliyerudi nyumbani anapewa chumba, anapewa na jiko, ila mti wa kudumu hapandi uani kwa kaka yake, maana siku ya ugomvi mti ndio unaotajwa wa kwanza. Hasemi kwa ubaya. Ameona mengi katika ukoo huu, na mengine alikuwemo.

Tena kuna jambo aliloniongezea siku moja tukipepeta mchele, nalo lilinikaa. Alisema mwenye uani si kaka, ni mke wa kaka. Usikasirike, mdogo wangu, lakini hapo ana haki. Wewe uliniambia panda, nami nilikusikia, ila neno lako peke yake lilikuwa nusu. Suzana tunasalimiana, tunacheka, ananitumia dagaa, lakini habari ya mimi kukaa hapa hakuwahi kuigusa, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Nami sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa naogopa jibu. Nilikuwa naogopa kwamba nitazeekea kwenye nyumba hii nikiwa mgeni mwema, yule anayeosha kikombe chake mara tu amalizapo kunywa.

Basi wiki iliyopita, baada ya ile mvua kubwa, nikataka kusogeza debe la mlimau nifagie matope yaliyojaa nyuma yake. Halikusogea. Nikadhani ni goti langu. Nikamwita Rupert, tukavuta pamoja, debe likalia lakini likabaki pale pale. Rupert akapiga magoti, akachungulia chini, akaanza kucheka.

"Dada," akasema, "mbona huyu ameshahamia zamani?"

Nikainama na mimi. Chini ya debe kutu ilikuwa imeshakula bati lote, na mzizi mnene kuliko kidole gumba ulikuwa umeingia ardhini, umepita chini ya matuta ya mchicha, umekwenda zake. Kumbe nilikuwa nawaambia watu mti wangu uko kwenye debe, na mti wenyewe ulikuwa na mawazo mengine. Ndiyo maana haukunyauka kiangazi chote nilipokuwa nasahau kuumwagilia, nami nikajisifu kwamba nina mkono wa baraka.

Rupert akataka kuleta panga tuukate mzizi. Nikamzuia. Nilimwambia goti linauma, aende kwake, tutaongea kesho. Kusema kweli nilikuwa nimefurahi, Fulgence, halafu nikaogopa kwa kule kufurahi. Nikaacha kila kitu kama kilivyo kwa siku kadhaa, nikawa nazunguka debe lile kama kuku anayezunguka jiko.

Leo asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Shangazi akapita hapa. Akanikuta nimesimama na jembe mkononi karibu na debe, sijui nichimbe au nikate. Akatazama mzizi, akanitazama mimi. Hata kigoda hakukaa. Akafungua pochi, akatoa simu. Unalijua sikio lake, simu anaiweka sauti ya nje na mtaa mzima unashiriki. Akampigia mkeo.

"Suzana, mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Wifi yako huku anapanda miti ya kudumu uani kwako. Unazo habari?"

Kukawa kimya. Ulikuwa mtandao au haukuwa mtandao, mimi sijui. Nilitazama kidole changu cha mguu. Nakwambia ukweli, katika kimya kile nilishafunga mabegi yangu, nilishafika hata kwenye kufikiria nani atanibebea godoro.

"Miti gani, shangazi?"

"Malimau. Na machenza. Na kahawa, eti."

"Ukutani?"

"Hapo hapo ukutani, anausogelea kabisa."

"Jamani, shangazi! Mwambie wifi asiumalize uwanja wote. Aniachie na mimi sehemu ya mti mmoja tu. Nikija likizo nataka kupanda wangu."

Shangazi hata hakuaga. Aliitazama simu, akaifuta kwa kanga, akairudisha kwenye pochi. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Haya, lete panga tulikate debe," akasema. "Mti unabanwa, huoni?"

Nikaenda jikoni kana kwamba nafuata panga, nikalia huko. Tangu nirudi Songea mimi ndiye niliyekuwa wa kuomba. Nimeomba chumba, nimeomba shamba la kukodi, nimeomba hata uvumilivu wa watu. Leo mwenye nyumba ananiomba mimi nafasi. Najua hajakuambia, kwa sababu kwake lilikuwa neno dogo la simu ya Jumapili asubuhi. Nawe usimfanye aone aibu. Mwache alione dogo hivyo hivyo.

Debe tumelikata, mimi na Shangazi, yeye akiamuru na mimi nikikata. Tumejaza udongo kuzunguka shina na kuweka samadi ya mbuzi wa Rupert, ambaye ameitoa kwa moyo safi baada ya kunikumbusha parachichi mara moja tu. Mchana huu huu, Mungu anisamehe kwa kufanya kazi Jumapili, nimeutoa mchenza kwenye beseni na kuupanda karibu na mlango, nikiacha nafasi ya kutosha mizizi isisumbue msingi. Mbuni nao umeingia ardhini upande wa mashariki, na nimeuchomekea migomba miwili midogo pembeni ili upate kivuli mpaka uzoee. Viganja vyangu vinanuka udongo hata sasa ninapoandika, ndiyo maana utaona karatasi ina madoa.

Nisalimie wote. Ida mwambie mchenza utazaa akiwa bado anaweza kupanda mgongoni kwangu, kwa hiyo asiharakishe kukua. Mwanangu Leticia anawasalimu kutoka Mbeya, yuko mwaka wake wa mwisho wa uuguzi na sasa kila mtu anayepiga chafya anampima kwa macho. Shangazi Walburga anakusalimu na anasema hujampigia tangu Agosti. Rupert na nyumba yake wanakusalimu pia.

Na salamu za Suzana umsomee kwa sauti, usizifupishe. Mwambie nimemwachia mahali pazuri kuliko pote, chini ya dirisha la chumba chenu, ambako jua ni la kutosha na udongo ni mweusi. Shimo nimeshalichimba na kulifunika kwa ubao, na sitapanda kitu pale, hata mchicha. Achague mti anaoupenda yeye, asiulize mtu. Akishaupanda arudi zake Mwanza bila wasiwasi. Mimi nipo, nitaumwagilia.

Mungu awalinde nyote, awape usingizi mzuri na awafikishe huku salama mkiwa na afya.

Dada yako akupendaye,

Lidwina